Makangaga ya Mama Damari

Wapendwa, kabla sijalifungua somo letu la leo, nataka mkae kidogo na mama mmoja. Msigeuke kumtafuta kwenye mabenchi, hayumo humu. Nimemtunga mwenyewe juzi nikiwa napalilia maharage. Jina lake la ubatizo tuliache. Tutamwita kwa jina la mwanawe, Mama Damari, na mumewe tutamwita Baba Damari, kama wanavyoitana wenyewe nyumbani kwao.

Mama Damari alikuwa nesi. Miaka thelathini na minne alifanya kazi chumba cha upasuaji, katika hospitali moja ya huku milimani, na kama umewahi kuishi nyumba moja na nesi wa chumba cha upasuaji, basi sina la kukueleza. Kisu cha jikoni kinachemshwa. Ukitoka shambani unasimama nje mpaka uletewe maji ya kunawa, na sabuni, na unaangaliwa unavyonawa. Mumewe alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai, mtu wa matope na grisi, na alipoulizwa na wenzake ndoa inaendaje, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi sikuoa, ndugu zangu. Mimi nililazwa, na mpaka leo sijaruhusiwa kutoka." Wote wawili wakicheka, na yeye mama akicheka kuliko wote. Walipendana. Nataka mlishike hilo kabla sijaenda mbele, kwa sababu mambo ninayoyasema leo huwapata hasa watu wanaopendana.

Wakastaafu, mmoja nyuma ya mwingine. Ukapita mwaka, mikono ya Baba Damari ikaanza kutetemeka. Kwanza ule wa kulia, kisha yote miwili. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu, dawa ipo ya kupunguza, ya kuondoa haipo. Mzee akipeleka kikombe mdomoni, nusu ya chai inabaki kwenye shati. Lakini alikuwa na moyo mwepesi. Mtu akimsalimia kwa mkono, anamwambia, "Shika vizuri, mwenzio bado nipo kwenye trekta."

Sasa, tangu utoto wake Mama Damari alikuwa na mapenzi na mmea mmoja. Wengi wenu mnaujua kwa macho. Ni kangaga, ila si hili la kando ya mto. Hili linaota juu ya miti mikubwa, limelikumbatia gome, halina haja ya udongo, na majani yake yananing'inia yamegawanyika ncha kama pembe za mnyama wa porini. Nyumbani kwa marehemu baba yake lilikuwepo moja, juu ya mkuyu nyuma ya nyumba, kubwa kama ndama aliyelala. Alikua akiliona, akaolewa akaliacha, akirudi kusalimia wazazi anakwenda nyuma ya nyumba kuliangalia. Wazazi walipofariki, akawa hana tena mzazi wa kumsalimia pale isipokuwa hilo kangaga.

Mvua za vuli za mwaka mmoja zikauangusha ule mkuyu. Habari zilipomfikia na akapata usafiri, ndugu walikuwa wameshaupasua mti kuni, na kangaga lilikuwa limetupwa juani, limepondeka, linanuka. Mama wa watu alichuchumaa akalipekua kama anavyopekua mgonjwa. Hakuna kilichopona. Akapata jani moja tu ambalo chini ya ncha yake lilikuwa na doa la kahawia, laini kama ngozi ya panya. Akalifunga kwenye bahasha ya kaki akarudi nalo nyumbani, bila kujua atalifanyia nini.

Kwenye wilaya yao kulikuwa na bustani ya zamani ya miti, na mtunzaji wake alikuwa bwana mmoja mpole, mwenye maneno machache. Mama Damari akampelekea ile bahasha. Yule bwana akachungulia ndani, akakuta jani limekauka na chini ya bahasha kuna unga wa kahawia, kama kahawa iliyosagwa vizuri sana.

"Mama," akasema, "una makangaga laki moja humu ndani. Kila chembe ya unga huu ni mbegu."

"Nayapandaje?"

"Udongo uchemshe, maji yachemshe, chombo kichemshe. Ukungu ukitangulia kuingia, umekwisha. Nyunyiza unga juu, usiufukie, funika, weka penye mwanga usio na jua. Halafu subiri. Usiwe na haraka hata kidogo."

Wapendwa, mngemwona Mama Damari akirudi! Nani wa kumwambia tena achemshe? Si ndiyo kazi aliyozaliwa nayo? Alichukua udongo wa msituni, akauchanganya na makumbi ya nazi yaliyosagwa, akaupika kwenye sufuria saa nzima kwa mvuke. Akachukua kontena la plastiki linaloona ndani, lile lililokuja na keki ya ubatizo wa mjukuu wa kwanza, akalitoboa matundu chini, akaliosha mara tatu. Akavaa glavu. Akajifunga kitambaa mdomoni. Baba Damari amesimama mlangoni anamwangalia, akamuuliza, "Mgonjwa amepigwa sindano ya usingizi?" Naye bila kugeuka akamjibu, "Ndugu wa mgonjwa wasubiri nje."

Akaumwaga unga wote. Wote, hakubakiza. Akafunika, akaliweka kontena barazani kwenye sinia lenye maji, ili udongo unywe kwa chini bila kuguswa kwa juu. Akaanza kusubiri.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya tano hakuna kitu. Mwezi wa tatu unaanza, udongo ukavaa kijani, kama ule ukoga wa kwenye pipa la maji. Mwingine angedhani kimeoza. Yeye akaleta kile kioo chake cha kukuzia maandishi, akainama, na akapiga kelele mpaka mzee akakurupuka. Palikuwa na vijani vidogo bapa, vidogo kuliko kucha ya mtoto mchanga, vimelala juu ya udongo, na kila kimoja kina umbo la moyo.

"Baba Damari, njoo! Usiguse lakini. Njoo!"

Mzee akaja, mikono nyuma kama mtu aliye makumbushoni, akachungulia. "Ni vizuri," akasema. "Lakini mbona havina pembe?"

"Pembe zitakuja."

Hazikuja. Miezi sita vile vijani vikabaki hivyo hivyo, vimelala. Mwaka ukatimia. Mama Damari akazidisha uangalizi. Kila asubuhi alifungua kifuniko upenyo mdogo, akafuta kwa kitambaa safi matone ya mvuke yaliyoganda kwa ndani, ili hata tone moja lisividondokee. Akawa anazungumza navyo kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiwapa wagonjwa wakiamka. Wageni wakija barazani waliambiwa wakae upande wa pili, na mbwa alihamishwa. Mzee alihama mwenyewe.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, Damari, aliyekuwa ameolewa Korogwe, akakaribia kujifungua mtoto wa pili. Mama akafunga safari ya kwenda kumwuguza kwa siku saba. Akajaza maji kwenye sinia, akamwita mumewe.

"Nakuachia nyumba. Kuku, mbwa, na moto. Kontena usilifungue."

"Sitalifungua."

"Hata ukiona nini."

"Mama Damari, mimi ni mgonjwa mtiifu."

Siku saba zikawa ishirini na tatu. Mtoto alizaliwa vizuri lakini akashikwa na manjano, wakarudishwa hospitali, bibi akawa analala kwenye kiti pembeni ya kitanda cha mwanawe. Huku juu milimani mvua zikachelewa, upepo mkavu ukavuma, na lile sinia likakauka. Siku ya kumi na moja Baba Damari akapita barazani, akachungulia kwa mbali. Akarudi akachungulia kwa karibu. Vile vijani vilikuwa vimeanza kujikunja kingo na kugeuka rangi ya majani makavu ya chai.

Akachukua simu. Akaitazama. Akafikiri: mwenzangu ana mtoto mchanga wa manjano mapajani, nimpigie simu kumwambia habari za majani? Akairudisha simu mfukoni.

Akachemsha maji. Sikilizeni, aliyachemsha, yule mtu wa grisi. Akayaacha yapoe, amefunika na sahani safi. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama alivyofundishwa miaka yote ile. Akafungua kifuniko. Akashika kijiko ili anyunyizie kidogo kidogo pembeni. Lakini ile mikono, wapendwa, mnaijua tayari. Maji yaliruka huku, yakaruka kule, tone juu ya hiki, tone juu ya kile, mpaka udongo ukajaa unyevu na kuta za kontena zikachafuka. Akafunika akaondoka, ana wasiwasi. Kesho yake akatazama: kingo zimekunjuka, kijani kimerudi. Akafurahi kama mtoto. Akafanya tena hiyo siku, na iliyofuata, na kila siku mpaka mke wake aliporudi.

Mama Damari alirudi mchana, amechoka, ana mizigo. Jirani mmoja aliyeona gari likimshusha alikuja hapo hapo kumpa hongera ya mjukuu, wakaingia barazani pamoja. Kabla hajatua mkoba, macho yake yakaenda kwenye kontena.

Maji yametuama juu ya udongo. Matope yameruka mpaka kwenye kifuniko. Vile vijani vya umbo la moyo, alivyovilea mwaka na miezi, vimelala vimelowa, vingine vimegeuzwa juu chini.

"Nani amefungua?"

Baba Damari alikuwa anakuja kutoka jikoni, uso umejaa tabasamu la mtu anayetaka kusifiwa. "Vilikuwa vinakufa kwa kiu, mama. Nikavinywesha."

Hapo ndipo neno likamtoka. Mimi na wewe tunajua lilikotoka: kwenye uchovu, kwenye usiku ule wa hospitali, kwenye jani moja lililobaki la nyumbani kwa baba yake. Lakini lilitoka, na lilitoka mbele ya jirani.

"Kwa mikono hiyo? Mikono isiyoweza hata kushika kikombe, ndiyo ukaona uilete hapa? Kila inachogusa kinamwagika! Si uitie mfukoni ikae huko, watu tupumzike!"

Jirani akatazama chini. Tabasamu la mzee halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha akasema, taratibu, "Haya, Mama Damari. Nimekusikia." Akaitia mikono mfukoni, yote miwili, akatoka nje.

Na hakuitoa.

Mnanielewa? Kwa wiki sita hakuitoa. Alikuwa hali mezani. Alisubiri mke wake aende bombani ndipo ale peke yake, kwa haraka. Watu wakimwamkia barabarani aliitika kwa kichwa. Yale maneno yake ya trekta hakuyasema tena. Alikuwa hana ugomvi, hapandishi sauti. Ukimwambia kuni zimekwisha anasema sawa na anamwomba mtu wa shamba azilete. Jumapili ya Meza ya Bwana ikafika, benchi lao likasimama kwenda mbele, yeye akabaki ameketi. Mama Damari akapokea, akarudi, akamkuta anatazama mbele, mikono mfukoni. Alijua kwa nini. Kikombe kile kinashikwa, na watu wanaona.

Je, huyu mama hakuwa na moyo? Alikuwa nao! Siku ile ya kanisani hakuonja chakula. Miaka thelathini na minne alishika mikono ya watu iliyokuwa ikitetemeka kwa hofu kwenye kitanda cha upasuaji, akaisugua, akaiambia, "Usijali, niko hapa." Alijua alichokifanya. Lakini kila alipotaka kufungua mdomo, kuna sauti ndani yake iliyosema: ngoja kwanza, si aliambiwa asiguse? Kosa ni la nani? Umevipoteza milele, kwa sababu ya nani? Basi akawa anampikia zaidi. Alimfulia shati kabla halijachafuka. Aliweka nyama kubwa kwenye sahani yake. Yote hayo tunayafanya, sivyo? Tunapika, tunafua, tunanunua soda, tunafanya kila kitu chini ya jua ili tusiseme neno moja.

Wiki ya sita, asubuhi, alikwenda barazani kulimwaga lile kontena. Alikuwa amelisusa, hakulitazama tangu siku ile. Alipolishika akaona kitu kimesimama. Akaweka chini. Akaleta kioo chake. Katikati ya vile vijani vilivyolala, kila kimoja kilikuwa kimetoa kijani kingine, kidogo kama ncha ya kalamu, na hicho hakikulala. Kilisimama wima. Akahesabu mpaka arobaini akaacha.

Hakumwita mtu. Alijitupia khanga, akashuka mpaka bustanini kwa yule bwana mpole, akamweleza yote: udongo, mwaka mzima wa kusubiri, matone aliyokuwa akiyafuta, maji ya mzee.

"Ulikuwa ukifuta matone?" yule bwana akauliza.

"Kila siku. Kwa kitambaa nilichochemsha."

Yule bwana akaanza kucheka, akajizuia kwa heshima, ikamshinda. "Mama yangu, nisamehe, kosa ni langu, sikukueleza. Vile vya umbo la moyo bado si kangaga. Hivyo ni wazazi. Kuna mume na kuna mke pale, na hawawezi kukutana mpaka maji yawapite juu, mume apate pa kuogelea. Porini kazi hiyo inafanywa na mvua. Ungeendelea kuyafuta yale matone miaka kumi, ungebaki na kijani chako kizuri, kimelala. Aliyevimwagia maji ndiye aliyefungisha ndoa."

Ah, wapendwa, Mama Damari alipanda ule mlima kama msichana! Machozi yanamtoka na anacheka. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Nitamwambia hivi, nitamwambia vile. Alifika akamkuta mzee nyuma ya nyumba, ameketi juu ya tofali, anawatazama kuku, mikono mfukoni.

"Baba Damari! Nisamehe. Nisamehe sana, mume wangu. Yameota! Yamesimama, zaidi ya arobaini. Nimetoka bustanini, yule bwana ameniambia ni maji yako. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa nayaua. Njoo uone!"

Mzee akageuka. Uso wake ukafurahi kweli, hakuwa mtu wa kinyongo. "Yameota? Mungu ni mkubwa. Hongera, Mama Damari. Umehangaika nayo sana."

"Basi inuka twende."

Hakuinuka. Alitazama kuku kidogo.

"Mama Damari, na kama yangekufa?"

"Yapi?"

"Hayo. Kama maji yangu yangeyaozesha yote, lisibaki hata moja. Leo ungekuja hapa nyuma kuniambia neno hili?"

Yale maneno mazuri aliyoyapanga njia nzima Mama Damari akayaacha. Kuku wakawa wanaparua. Akaketi chini pale pale, kwenye vumbi, yule mama wa kuchemsha visu. Na kwa kuwa alikuwa mkweli, akasema ukweli.

"Sijui. Nadhani... nisingekuja."

"Ndiyo," mzee akasema, bila hasira. "Basi aliyekuleta ni kangaga. Mimi nilikuwa hapa hapa, wiki sita."

Wakakaa. Jua likasogea. Mama Damari alikuwa anatazama mfuko wa suruali ya mumewe, jinsi kitambaa kilivyokuwa kikitikisika kidogo kidogo kwa ile mikono iliyofichwa ndani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Korogwe hakufikiria majani.

"Basi sikiliza," akasema. "Tuseme yamekufa. Yameoza yote, nimelimwaga kontena, sina tena kitu cha nyumbani kwa baba yangu hapa duniani. Na maji uliyamwaga wewe. Hata hivyo, sikuwa na ruhusa ya kukuambia nililokuambia. Hiyo ni mikono ya mume wangu. Niliiaibisha mbele ya mtu, nikajua nimekosa siku ile ile, na nikanyamaza. Nisamehe kwa hilo, yale majani tuyaache."

 Baba Damari akautoa mkono mmoja mfukoni, ule wa kulia, akauweka juu ya goti la mke wake, unatetemeka kama kawaida yake.

"Na ule mwingine?" mama akauliza.

"Mwingine bado umekasirika," akasema mzee. "Mpe mpaka kesho."

Nawaona mnacheka. Chekeni, hata mimi nilicheka nilipofika hapo, jembe likaniponyoka. Lakini nina swali, na swali ni hili.

Ni wakati gani ulianza kumhurumia yule mzee? Kuwa mkweli. Ni pale alipotukanwa mbele ya jirani, au ni pale bustanini, ulipoambiwa kumbe maji yake yalikuwa yanahitajika? Maana nilikuwa nawatazama nyuso. Mama alipofoka, wengine mlitikisa kichwa mkasema moyoni: naye mzee, si aliambiwa asifungue? Tulipofika bustanini mkatabasamu wote: enhee, kumbe mzee alikuwa sahihi! Mkahamia upande wake. Mlihamishwa na nini? Na majani arobaini. Basi mimi na ninyi na Mama Damari tuko benchi moja.

Hivi ndivyo sisi tunavyoomba msamaha, ndugu zangu. Tunamwita binti wa kazi mwizi kwa sababu simu haionekani, na siku inapopatikana chini ya godoro ndipo tunasema, samahani mwanangu. Na kama isingepatikana? Tunamsema mkamwana kwamba hazai, na anapozaa tunamkumbatia, tunamwita mama. Na asipozaa? Neno la kuumiza lilikuwa kosa tangu siku lilipotoka kinywani. Lilikuwa kosa hata kama simu aliichukua kweli. Halikungoja ushahidi ili liwe kosa, kwa hiyo na sisi hatuna la kungoja.

Na wewe ambaye mikono yako kweli ilimwaga, ukaharibu, na hakuna kitu kilichoota mpaka leo; umeketi humu na mikono mfukoni, na kwenye Meza hii huinuki. Wewe nisikilize vizuri zaidi. Yule aliyekuita hapa asubuhi ya leo hakuchungulia kwanza kuona kama umeota. Alikuja kwako ukiwa umelala chini, umelowa matope, huna pembe hata moja. Alikuja kwa ajili yako. Kwa hiyo Meza ikiandaliwa, inuka uje. Kikombe nitakushikia mimi, na kikimwagika, kanzu yangu hii inafulika.

Sasa kuna mtu nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, mimi simjui, wewe unamjua. Amekaa anatazama kuku. Usiende barazani kuangalia kwanza kama kuna kilichoota. Kwaya wametayarisha wimbo wa kufunga wenye beti saba, na nawashukuru, wameufanyia mazoezi wiki nzima. Tutauimba Jumapili ijayo. Leo, baada ya Meza, nendeni nyumbani moja kwa moja.